Mwenye nyumba anaruhusiwa kuingia kwa mpangaji wake lini, na kwa sababu gani?

Kwenye meza za msaada wa kisheria tunazoweka mitaani, hasa tangu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ilipoanza mwaka 2023, malalamiko ya wapangaji yamezidi kuongezeka. Mengi hayahusu kiasi cha kodi. Yanahusu mwenye nyumba aliyeingia ndani mpangaji akiwa kazini, dalali aliyepitisha wateja hadi chumbani, au kufuli la pili ambalo mtu amelikuta mlangoni saa mbili usiku akiwa na watoto. Wenye nyumba nao wanakuja, wakiuliza inawezekanaje mtu azuiwe kuingia kwenye nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Maelezo yanayofuata ni ya jumla na yanahusu Tanzania Bara tu. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na upangaji. Kila mgogoro huamuliwa kwa mkataba wake na ushahidi wake, hivyo makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 88. Kifungu hiki kinaingiza masharti kwenye kila mkataba wa upangaji hata kama wahusika hawakuyaandika. La kwanza ni kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa na mwenye nyumba. La pili linampa mwenye nyumba uwezo wa kuingia, yeye mwenyewe au mtu aliyemtuma, katika wakati unaofaa, kwa ajili ya kukagua hali ya nyumba au kufanya matengenezo ambayo ni wajibu wake. Hapo hapo sheria inaongeza kwamba akiingia asivuruge isivyostahili makazi na matumizi ya mpangaji.

Sababu ni hizo mbili, ukaguzi na matengenezo. Kuja kuangalia kama mpangaji ana mgeni si ukaguzi wa hali ya nyumba. Kuhesabu watu wanaolala ndani, kutazama amenunua nini, au kupita tu kwa sababu ufunguo wa akiba upo mfukoni, vyote havimo. Kama mkataba unaweka kikomo cha idadi ya wakazi na mwenye nyumba anahisi kimevunjwa, amwandikie mpangaji na amdai atimize sharti hilo. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Maskani ya mpangaji ni pale anapolala, hata kama ni chumba kimoja cha elfu arobaini kwa mwezi.

Wakati unaofaa ni upi? Tunaulizwa kila wiki, na kila wiki yupo anayetuambia kwamba sheria imeweka saa 24. Haikuweka. Anayesema hivyo amesoma mtandaoni sheria ya nchi nyingine. Kwetu sheria imeacha kipimo kitokane na mazingira: mwalimu anayerudi saa kumi jioni hafanani na mlinzi wa zamu ya usiku anayelala mchana, na bomba linalovuja kwa jirani wa chini haliwezi kusubiri kama rangi iliyopauka. Ushauri wetu, na ni ushauri tu, ni kutoa taarifa angalau siku moja kabla, kwa ujumbe wa simu unaobaki kama kumbukumbu, ukitaja sababu, saa na jina la fundi. Ni bora zaidi jambo hili likae kwenye mkataba. Sentensi mbili zinatosha: “Mwenye nyumba au fundi wake ataingia kukagua au kutengeneza kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, baada ya kumtaarifu mpangaji siku mbili kabla. Dharura inayohatarisha maisha au mali haitasubiri taarifa hiyo.”

Dharura yenyewe ni moto, maji yanayofurika, harufu ya gesi, nyaya zinazotoa cheche, au mtu anayesikika ndani akihitaji kuokolewa. Katika hali hizo mpigie mpangaji huku hatua zikiendelea, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ingia na shahidi, fanya kilichokupeleka na utoke. Kodi iliyochelewa si dharura.

Nyumba nyingi za mijini kwetu ni zile za korido katikati na vyumba huku na huku, mwenye nyumba akiwa anaishi chumba cha mbele. Hapa ndipo watu wanapochanganya zaidi, na ni kweli jambo lenyewe si jepesi. Korido, choo, bafu, uani na bomba ni vya wote, na mwenye nyumba anapita bila kumwomba mtu ruhusa. Chumba alichokodi mpangaji ni chake kwa muda wa mkataba. Kuishi chini ya paa moja hakumpi mwenye nyumba, mke wake wala watoto wake ruhusa ya kusukuma mlango wa chumba hicho. Mita ya Luku ya nyumba nzima ikifungwa ndani ya chumba cha mtu mmoja, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za zamani, mkataba useme nani ataingia kuweka umeme na kwa utaratibu gani. Tumeona ugomvi wa miezi ukianzia hapo. Sebule iliyogawanywa kwa pazia nayo ina utata wake. Kama wapangaji wawili wanaitumia pamoja, hakuna kati yao wala mwenye nyumba anayeweza kudai kwamba ni yake peke yake.

Sasa dalali. Muda wa mpangaji ukikaribia kuisha, dalali huja na wateja, anafungua kwa ufunguo aliopewa, anapiga video ya chumba kikiwa na kitanda, nguo na picha za familia, kisha anairusha Instagram au kwenye stetasi ya WhatsApp. Kuonyesha nyumba kwa mpangaji mpya hakumo kwenye zile sababu mbili. Kunahitaji sharti kwenye mkataba au ridhaa ya aliyemo ndani, na ridhaa ya kuonyesha si ridhaa ya kurekodi. Kumbukeni pia kwamba tangu mwaka 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, ile iliyotungwa mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu au watoto wake inaweza kumpeleka aliyeisambaza kwenye malalamiko ya aina nyingine kabisa. Wenye nyumba wanaofunga kamera wazielekeze getini na uani. Isiwepo hata moja inayotazama ndani ya chumba au dirisha la mpangaji.

Kuhusu kodi iliyolala, tunaomba tusikilizwe vizuri. Kodi isipolipwa kwa siku 30 baada ya tarehe yake, sheria inamruhusu mwenye nyumba kutoa notisi ya kusudio la kuvunja mkataba. Notisi ni hatua ya kisheria inayofuatwa na hatua nyingine. Haimpi ruhusa ya kuingia na kubeba televisheni, kuezua bati, kung’oa mlango wala kukata maji. Na tafadhali, barua ya mwenyekiti wa mtaa si amri ya kumtoa mtu. Mjumbe anaweza kushuhudia, anaweza kusuluhisha, lakini uwepo wake, au wa mgambo, hauwageuzi wakawa baraza la kuamua mgogoro. Tumeshalieleza hili kwenye mikutano mingi ya mitaa na bado tunaletewa barua zenye mihuri ya ofisi zisizo na mamlaka hayo.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 299, inahusu kuingia kwa jinai. Kosa ni kuingia isivyo halali kwenye mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine kwa nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi. Sheria inamtazama aliyeishikilia mali wakati huo, na katika upangaji huyo ni mpangaji. Anayeingia kihalali kisha akabaki isivyo halali kwa nia kama hiyo naye anaguswa, kwa mfano aliyeingia kukagua bomba akaishia kukaa kitini akitukana na kukataa kutoka. Adhabu ya kawaida ni kifungo cha miezi mitatu. Panapokuwa makazi ya watu inafika mwaka mmoja. Nia lazima ithibitishwe, hivyo si kila kuingia bila hodi ni jinai. Anayelalamika polisi aende na tarehe, saa, majina ya mashahidi, picha na ujumbe wa simu, achukue namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake kituoni, na aihifadhi.

Upande wa madai una ngazi zake, na watu wengi hupoteza muda kwa kuziruka. Shauri linaanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hili halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi. Linasuluhisha, likikaa na wajumbe watatu ambao angalau mmoja ni mwanamke. Likishindwa, linatoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana. Cheti hicho ndicho kinachofungua njia ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na zikipita siku 30 bila Kata kumaliza usuluhishi, mlalamikaji anaweza kwenda mbele. Katika Baraza la Wilaya anakaa mwenyekiti pamoja na wazee wa baraza wawili, ambao maoni yao hutolewa kabla ya uamuzi. Mpangaji anayeingiliwa kila mara anaweza kuomba zuio la muda, yaani amri ya kumsimamisha mwenye nyumba, wakati shauri la msingi linasubiri. Mwenye nyumba anayedai kodi anaomba malipo na amri ya kurudishiwa nyumba. Uwezo wa Baraza hilo unaishia shilingi milioni 300 kwa madai ya kurudishiwa mali isiyohamishika, na milioni 200 kwa madai mengine yanayopimika kwa fedha. Rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Utekelezaji wa amri, ikiwemo kumtoa mtu, hufanywa na dalali aliyeteuliwa kisheria. Dalali wa vyumba hahusiki.

Bado wapo wanaotuletea hoja za sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005.

Mpangaji naye ana wajibu, na hapa tunazungumza na vijana zaidi. Huwezi kubadilisha kitasa, ukakataa ukaguzi miezi minane, halafu dari likianguka umlaumu mwenye nyumba. Akileta taarifa ya maana na saa inayofaa, mfungulie. Kama saa haikufai, pendekeza nyingine. Kukaa kimya si jibu. Kukataa moja kwa moja ni kuvunja sharti, na kukiendelea kunaweza kuzaa notisi ile ile ya kuvunja mkataba. Wala usiseme huna haki kwa sababu hukuandikiana mkataba. Upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka, unaweza kuwa wa maneno, na risiti za kodi au miamala ya simu ni ushahidi wake.

Mwisho, chumba kilichofungwa na mpangaji haonekani. Wenye nyumba wengi huvunja kufuli baada ya miezi miwili na kugawa vitu, kisha mpangaji anarudi kutoka hospitali au kijijini akidai fedha alizoficha godoroni. Usivunje peke yako. Mtafute kwa simu na kupitia ndugu au mdhamini wake, andika kila jaribio, toa taarifa serikali ya mtaa na polisi, kisha omba amri ya Baraza. Siku ya kufungua wawepo mashahidi wasiopungua wawili, kila kitu kiorodheshwe na kupigwa picha, orodha isainiwe na wote waliokuwepo, na vitu vihifadhiwe mahali panapofungwa. Asiyeweza kumlipa wakili amwone msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaada huo ni bure, na ofisi ya halmashauri inaweza kumwelekeza alipo.