Kabla hujaiwasha tena: huduma ya Windows inayojizima

Mtu akiniambia huduma fulani ya Windows, yaani programu inayofanya kazi chinichini, inajizima kila akiiwasha, huwa namuuliza: inakaa hai kwa muda gani? Wengi hawajui, maana macho yao yako kwenye kitufe cha Start katika dirisha la Services. Wanabofya, inawaka, inazima, wanabofya tena. Ukibofya mara kumi utapata jibu lilelile mara kumi.

Muda huo unasema mengi. Ikigoma papo hapo kwa kosa namba 1069, tazama akaunti inayoiendesha. Mara nyingi mtu alibadilisha nenosiri la akaunti hiyo akaisahau huduma. Ikisubirisha nusu dakika kisha ikatoa kosa 1053, programu haikuripoti kwa msimamizi wa huduma ndani ya milisekunde 30,000 anazoipa. Wapo wanaokimbilia rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, kuongeza muda huo. Kwa mashine nzito wakati wa kuwaka, sawa. Kwa programu iliyoharibika, unairefushia tu muda wa kufa. Na zipo huduma zinazojizima kwa sababu hazina kazi, hizo ziache.

Inayosumbua zaidi ni ile inayowaka vizuri, ikatulia, halafu ikaanguka. Juzi niliitiwa Print Spooler, huduma inayopanga kazi za kuchapa, yenye tatizo la namna hiyo. Ilikuwa ikikaa hai kama dakika moja hivi, kisha orodha yote ya printa inatoweka. Nikafungua Event Viewer, yaani kumbukumbu za matukio ya Windows, upande wa System. Tukio 7031 lilikuwa limejirudia: huduma imekoma ghafla, itawashwa tena baada ya muda mfupi. Baadaye likaja 7034, yaani imekoma na safari hii hakuna atakayeiinua.

Hapo wengi huishia, na ndipo wanapokosea. 7031 na 7034 ni tangazo la msiba tu. Chanzo cha kifo hakimo. Nikahamia upande wa Application, nikatafuta tukio 1000 la dakika ileile. Programu iliyoanguka: spoolsv.exe. Moduli iliyosababisha: faili la dll (kipande cha programu) la draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia printa, ya printa ambayo, nilipouliza, iliondolewa ofisini zamani. Printa ilikwenda, draiva ikabaki. Kidokezo kimoja: ukikuta moduli iliyotajwa ni ntdll.dll, faili la Windows yenyewe, usiiparamie. Mara nyingi hapo ndipo ajali inapoonekana tu, na aliyeisababisha yuko kwingine.

Nilisimamisha huduma kwa net stop spooler, nikaingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS kwa haki za msimamizi. Mlikuwa na mafaili mawili, moja la .SPL, ambalo ndiyo kazi yenyewe, na jingine la .SHD lenye maelezo yake. Kazi moja iliyokwama. Kila Spooler ilipoamka iliikuta, ikajaribu kuichapa, ikaita draiva ile mbovu, ikaanguka. Nikayafuta yote mawili.

Ningeishia hapo, ningeitwa tena wiki ijayo. Niliwasha huduma, nikaandika printui /s /t2 kufungua orodha ya draiva, nikaiondoa draiva pamoja na kifurushi chake. Ukiondoa printa peke yake, draiva hubaki palepale. Kama draiva inatiliwa shaka lakini bado inahitajika, Print Management, zana ya Windows ya kusimamia printa, inakuruhusu kuitenga iendeshwe kwenye mchakato wake, ili ikianguka isiiburute Spooler nzima.

Kichupo cha Recovery katika sifa za huduma, kinachoamua nini kifanyike inapoanguka, nilikigusa mwisho kabisa. Kuna mtu alikuwa ameweka huduma ijiwashe upya kila inapoanguka mara ya kwanza na ya pili, na ndiyo maana tatizo lilijificha muda wote huo: watumiaji waliona printa "inachelewa kidogo" tu. Wakati wa uchunguzi mimi huweka Take No Action mahali pote, iangukie mbele ya macho yangu. Nikishamaliza nayo, narudisha Restart the Service.