Kuandika maelezo ya maktaba ndogo ya kubana data, zlib ikiwa mwalimu

Mtu wa timu yetu akinikabidhi maktaba mpya ya kuhifadhi au kubana data, huwa nafungua faili la maelezo kabla sijagusa msimbo. Mara nyingi nakuta hivi: `bana()` hubana data, `fumua()` hufumua data, zote mbili hurudisha 0 zikifanikiwa. Basi, imeisha. Mwandishi kaniambia kile ambacho majina ya fankisheni yalishaniambia. Ninayotaka kuyajua hayamo. Bafa (nafasi ya kumbukumbu) ya kupokelea matokeo niitenge ya ukubwa gani? Kumbukumbu iliyotengwa ndani, nani anairudisha? Data ikikatika katikati, nitajuaje? Na baiti zilizokaa kwenye diski, programu nyingine isiyotumia maktaba hii itaweza kuzisoma?

Kwa maktaba ya aina hii, maelezo yanayostahili jina hilo ni majibu ya maswali hayo. Yaliyobaki ni mapambo. Na sijaona mahali yalipojibiwa kwa uzito kama ndani ya zlib.h, faili linalotangaza fankisheni za zlib, maktaba maarufu ya kubana data, kwa hiyo leo nataka tulipitie, pamoja na sehemu zake ninazoona zina walakini.

zlib iliandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, ikatoka hadharani mwaka 1995. Ilizaliwa kwa sababu ya picha za PNG: muundo wa GIF ulikuwa umeingia kwenye mgogoro wa hataza ya LZW, njia ya kubana iliyotumika ndani yake, na watu walihitaji njia ya kubana isiyodaiwa na mtu. Leo iko kila mahali, kuanzia Git na Python hadi programu unayosomea PDF. Faili la zlib.h lina mistari 1,900 na ushee, na ukilisoma utaona sehemu kubwa si msimbo bali ni maelezo ya Kiingereza cha kawaida. Matangazo ya fankisheni yenyewe yamepotelea humo kama punje.

Tuanze na kitu kidogo kabisa: data tupu, yaani baiti 0. Ukiipa zlib kwa mipangilio yake ya kawaida, inakurudishia hivi, kwa namba za msingi wa 16:

78 9C 03 00 00 00 00 01

Baiti nane, kutoka kwenye sifuri. Ninapomfundisha mtu kuandika maelezo ya muundo wa data, namtaka aeleze baiti hizi nane moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja. Ya kwanza, 78, imegawanyika nusu mbili: 8 inasema njia ya kubana iliyotumika ni deflate, na 7 inasema dirisha la kutafutia marudio lina baiti 32,768, kwa sababu 2 kwa kipeo cha 7 jumlisha 8 ndiyo hiyo. Ya pili, 9C, inabeba kiwango cha ubanaji, pamoja na biti chache zilizowekwa makusudi ili baiti hizo mbili zikisomwa kama namba moja zigawanyike kwa 31 bila baki. Piga hesabu: 789C ni 30,876, na 30,876 ni 31 mara 996. Kisha 03 00: biti ya kwanza inasema hili ndilo fungu la mwisho, mbili zinazofuata zinasema limetumia jedwali la misimbo lisilobadilika, na sifuri saba zinazofuata ni alama ya mwisho wa fungu. Baiti nne za mwisho ni namba ya ukaguzi ya Adler-32, ambayo kwa data tupu ni 1.

Ukitaka kuviona vitu hivi kwa macho yako, ingia kwenye mradi wako wowote wa Git, chagua faili moja ndani ya .git/objects (si ndani ya folda ya pack), ulifungue kwa xxd, programu ya kuonyesha baiti za faili. Kama hukubadili mipangilio, litaanza na 78 01. Nayo inagawanyika kwa 31.

Mfano huo mdogo unafanya kazi mbili kwa mpigo. Msomaji anaona muundo mzima bila kuzama kwenye nadharia, halafu anapata ukweli ambao waandishi wengi wa maelezo wanauficha kwa aibu: kubana kunaweza kuongeza ukubwa. Picha ya JPEG, video, faili lililosimbwa, vyote hivi ukivipitisha zlib vinaweza kutoka vikubwa kidogo kuliko vilivyoingia. zlib hailifichi hilo, inalitaja kwa namba. Kwa mipangilio ya kawaida, hali ikiwa mbaya kabisa, ongezeko ni baiti 5 kwa kila KB 16, pamoja na baiti 6 za mkondo mzima. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kukokotoa hayo saa nane usiku, wameweka fankisheni ya `compressBound()`: unaipa ukubwa wa data yako, inakupa ukubwa wa bafa ambao hautakuangusha. Linganisha na ile sentensi ninayoichukia kuliko zote katika kazi hii, "hakikisha bafa ni kubwa ya kutosha". Ya kutosha kwa kipimo gani, bwana?

Kumbukumbu nayo wameieleza kwa namna hiyohiyo, kwenye zconf.h, faili la mipangilio linaloambatana na zlib.h. Kubana kwa mipangilio ya kawaida kunakula KB 256 hivi, na kanuni yake imeandikwa ili ukipunguza dirisha ujue utaokoa kiasi gani. Kufumua kunataka KB 32 na nyongeza ya kama KB 7. Mtu anayeandika programu ya mita au ya kifaa kidogo cha kufungwa kwenye gari anasoma mistari hiyo miwili na anaamua palepale: kifaa hiki kitafumua, kubana tufanyie kwenye seva. Namba mbili zimemwokolea wiki ya majaribio.

Sasa tuje kwenye majibu ambayo fankisheni zinarudisha, maana hapa ndipo panapowaumiza wengi. Katika zlib, `Z_OK` ni 0. `Z_STREAM_END`, yaani mkondo umeisha salama, ni 1. `Z_BUF_ERROR` ni -5, hasi kama makosa mengine yote, lakini siyo kosa la kufisha: maana yake safari hii hakuna kilichosogea, ongeza data ya kuingia au nafasi ya kutokea halafu uite tena. Mtu anayezoea kuandika `if (ret != Z_OK)` na kutupa kila kitu atauhesabu mwisho mwema kuwa ajali.

Jedwali la namba na majina halimsaidii mtu huyo. Anachohitaji ni safu ya tatu: baada ya kupata jibu hili, ufanye nini? Niite tena? Nitupe data? Nifunge mkondo? Kwenye maktaba tunazozitunza kazini nimelazimisha safu hiyo iwepo, na msimbo wa kosa usio na jibu la "ufanye nini" unarudishwa kwa mwandishi.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye jedwali lolote: data iliyokatika. Ukifumua faili lililoishia njiani, zlib haikupigii kelele. Inafumua ilichokipata, inakwambia sawa, inasubiri zaidi. Dalili pekee ni kwamba data yako imekwisha na `Z_STREAM_END` hujaiona. Maswali ya namna hii yaliulizwa mara nyingi, ndiyo maana Adler akaandika zpipe.c, programu fupi ya mfano, pamoja na ukurasa unaoieleza mstari kwa mstari. Mstari wa mwisho wa kufumua ndio wenye funzo: ikiwa jibu la mwisho ni `Z_STREAM_END`, rudisha `Z_OK`, la sivyo rudisha `Z_DATA_ERROR`. Rejea ya fankisheni inaeleza kila kipande kikiwa peke yake. Ni mfano unaoendesha mzunguko mzima, tangu kufungua hadi kufunga, ndio unaoonyesha ukimya wa maktaba una maana gani.

Naiheshimu pia kwa namna inavyosema kazi yake inaishia wapi. Maelezo ya `uncompress()` yanatamka wazi kwamba ukubwa wa data ya asili lazima uwe umeuhifadhi mwenyewe kwa njia nyingine, hilo si jukumu la maktaba. Anayedhani muundo wa gzip, ndugu wa zlib unaotumika kwa mafaili, unamsaidia hapo ajihadhari: zile baiti nne za mwisho zinazobeba ukubwa zinahesabu hadi GB 4 tu kisha zinaanza upya, kwa hiyo faili la GB 5 litajitangaza kuwa la GB 1. Na usiamini ukubwa wa kilichobanwa kama kipimo cha kitakachotoka. Deflate inaweza kubana data ya kujirudia kwa zaidi ya mara 1,000, maana yake kipande cha MB 1 alichokutumia mtu mwenye nia mbaya kinaweza kufumuka hadi karibu GB 1 ndani ya seva yako. Maktaba yoyote inayopokea data kutoka nje iandike kwenye maelezo yake kikomo kinawekwa wapi na nani.

Walakini niliosema ni huu. Katika `deflateInit2()` na `inflateInit2()` kuna kigezo kiitwacho windowBits. Kazi yake ni kutaja ukubwa wa dirisha, 15 kwa kawaida. Lakini ukiweka -15 unapata deflate tupu isiyo na kichwa wala mkia. Ukiweka 15 jumlisha 16 unapata gzip. Wakati wa kufumua, 15 jumlisha 32 inatambua yenyewe kama ni zlib au gzip. Yote yameelezwa kwa uaminifu, na najua sababu: hawakutaka kuvunja programu za watu zilizokwishaandikwa. Bado, kigezo kimoja kinachohitaji aya kadhaa ni vigezo viwili vilivyovaa shati moja. Kwenye maktaba mpya, ambayo bado haina watumiaji wa kuwaogopa, aya ikirefuka namna hiyo mimi naacha kuandika na kurudi kubadilisha fankisheni yenyewe.

Suala ambalo maktaba nyingi ndogo hazilifikirii kabisa ni kutenganisha maelezo ya maktaba na maelezo ya muundo wa data. Mwezi Mei 1996 zilitoka RFC (hati za kiufundi za mtandao) tatu: 1950 ya muundo wa zlib, 1951 ya deflate, 1952 ya gzip. L. Peter Deutsch ndiye mwandishi wa zile mbili za mwisho, na ile ya kwanza aliiandika pamoja na Gailly. Hakuna hata moja inayomlazimu msomaji kujua fankisheni ya `deflate()` inaitwaje. Ndiyo maana leo zipo programu za kusoma deflate zilizoandikwa kwa Java, Go, Rust na JavaScript bila kunakili mstari wa C.

Ndani ya RFC hizo mna mambo ambayo usipoambiwa utapoteza mchana mzima. Adler-32 mwishoni mwa zlib inaandikwa baiti yenye thamani kubwa ikitangulia. CRC-32, namba ya ukaguzi iliyo mwishoni mwa gzip, inaandikwa baiti yenye thamani ndogo ikitangulia. Miundo ndugu, maktaba moja, mpangilio umepinduka.

Hata maandishi mazuri hayakingi kila kitu. Kanuni za HTTP/1.1 zilichagua neno "deflate" kumaanisha muundo wa zlib, wenye kichwa na Adler-32, ilhali deflate kwenye RFC 1951 ni mkondo mtupu. Baadhi ya seva na vivinjari vikatuma na kutarajia mkondo mtupu. Vivinjari vikaishia kujaribu njia zote mbili, na wenye zlib wenyewe wanashauri tutumie gzip tu. Jina moja lilitumika kwa vitu viwili, gharama ikaenda kwa watu ambao hata hawakuwepo chumbani.

Kwa hiyo maktaba yetu ya kuhifadhi rekodi, inayotumia zlib chini yake, ina mafaili mawili tofauti. La kwanza ni mwongozo wa fankisheni, kwa Kiswahili, kwa sababu wanaoanza wanauliza maswali makali zaidi wakisoma lugha wanayofikiria nayo. La pili ni la muundo tu: baiti ya toleo iko wapi, urefu wa rekodi una baiti ngapi na unaanza na ipi, namba ya ukaguzi inakokotolewa juu ya data kabla ya kubanwa au baada, rekodi kubwa kupita zote inaruhusiwa kufika wapi, msomaji akikuta toleo asilolijua afanye nini. Kabla ya kulikubali nampa mwenzangu anayeandika Python faili hilo la pili peke yake, pamoja na sampuli chache za data, na namnyima msimbo wa C. Akishindwa kusoma rekodi, swali la kwanza alilokuja kuniuliza ndilo linaloingizwa kwenye maelezo.

Sampuli hizo zinakaa kwenye folda moja na faili la muundo: iliyo tupu, yenye rekodi moja, iliyokatwa katikati kwa makusudi, na yenye namba ya ukaguzi iliyoharibiwa. Kila moja ina jibu linalotarajiwa pembeni. Mifano ya msimbo iliyomo kwenye mwongozo nayo inakompailiwa pamoja na majaribio mengine kila tunapotaka kutoa toleo jipya, na ule unaofumua faili lililokatwa lazima urudishe kosa.