Tembe, makorongo na majina: jinsi wenyeji wanavyoweza kuinyoosha ramani huria ya Dodoma

Vijana wanaonifuata kutaka kujifunza ramani huria huuliza kwanza wachore nini. Kwa Dodoma huwa nawajibu kwamba kuchora kusubiri, tuanze na kurekebisha. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 mji umetanuka kwa fujo, na sehemu kubwa ya kinachoonekana kwenye OpenStreetMap kimechorwa kwa kutazama picha za satelaiti, mara nyingi na mtu wa kujitolea ambaye hajawahi kukanyaga Tanzania. Namshukuru mtu huyo, kazi yake tunaitumia kila siku. Ila kuna mambo ambayo picha haiwezi kumwambia.

Kwa asiyeifahamu, OpenStreetMap ni ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Yeyote mwenye akaunti anaweza kuihariri, na yeyote anaweza kuitumia hata kibiashara, mradi ataje chanzo. Kila kitu ndani yake ni nukta, mstari au mkusanyiko wa hivyo viwili, kisha kinabandikwa lebo zinazoeleza ni kitu gani. Ubora wa ramani uko kwenye lebo hizo kuliko kwenye michoro.

Tuanze na tembe. Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, lina paa bapa lililofunikwa udongo, na mara nyingi nyumba huenda mbali kwa urefu ikizunguka ua. Ukiwa juu, udongo wa paa na udongo wa uwanja ni rangi moja. Mchoraji aliyeko Ujerumani anaona bati la shule likimetameta, anaona duka, analiruka tembe. Papo hapo anakuta zizi la miiba la mviringo, analichora kama nyumba. Wengine huchora hata mwamba, na huku kwetu miamba haina idadi. Kompyuta nazo haziko mbali na hapo. Mwaka 2019 Microsoft walitoa bure michoro ya majengo zaidi ya milioni 11 ya Tanzania iliyotambuliwa na mashine. Ni hazina kubwa, lakini mashine hujifunza umbo la paa na kivuli chake, na sitaitegemea mahali ambapo paa limefanana na ardhi. Mtu akiitumia ramani ya namna hiyo kupanga chanjo au mgawo wa chakula, kaya zinazoachwa nje ni zile zisizo na bati.

Dawa yake haina utaalamu mkubwa. Chapisha picha ya satelaiti ya kijiji kwenye karatasi kubwa, itandaze juu ya meza ya ofisi ya kijiji, kisha mwite mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ya jamii. Wape kalamu. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba huanzia shuleni, anafuata njia kwa kidole, na ndani ya muda mfupi anakuzungushia duara kila kaya. Nimeona mara nyingi kwamba ukifungua kompyuta mpakato mbele ya wazee wananyamaza, lakini karatasi wanaigombania. (Na chai iwepo. Hili wapangaji wa bajeti za miradi hulisahau kila mwaka.)

Kinachonisumbua zaidi ni makorongo. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na kiangazi makorongo yetu ni mchanga mtupu. Picha nyingi za satelaiti hupigwa wakati hakuna mawingu, yaani wakati huo huo wa ukavu. Mchoraji wa mbali anaona utepe mweupe wa mchanga wenye alama za magurudumu, anahitimisha kuwa ni barabara, na programu ya kuelekeza njia inaanza kupitisha malori mtoni. Au anachora barabara sawasawa na korongo sawasawa, lakini pale vinapokatana haweki chochote. Kwa programu, mistari miwili iliyopishana bila nukta ya pamoja haikutani kabisa, kama vile kuna daraja. Januari inapofika, dereva mgeni anaelekezwa kwenye maji yanayokwenda kasi.

Marekebisho yake ni ya dakika mbili kwa anayepajua mahali. Korongo lipewe lebo ya waterway=river (mto) au waterway=stream (kijito) pamoja na intermittent=yes, maana yake halina maji mwaka mzima. Pale barabara inapolikata, weka nukta inayoshirikiwa na mistari yote miwili, uipe ford=yes, yaani hapa gari linavuka ndani ya maji. Kama kuna kalavati, kipande cha mkondo kinachopita chini ya barabara kinapewa tunnel=culvert na layer=-1, na hapo nukta ya pamoja haitakiwi. Sasa nani anajua kama pana kalavati, zege la kupitia juu au mchanga tu? Bodaboda. Kaa kwenye kijiwe chochote Ihumwa, Nala au Hombolo, uliza, "Kaka, mvua ikinyesha hapa mnapitaje?" Watakuambia wapi wanashusha abiria avuke kwa miguu, wapi wanazunguka, na njia wanayozungukia mara nyingi haimo kwenye ramani.

Majina yana ugomvi wake. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilituletea nguzo na vibao, na kanuni ya OpenStreetMap ni kuandika kinachothibitika pale pale mtaani. Kibao kinasema jina moja, bodaboda wanasema Mbuyuni, na mama wa mgahawa anasema mbuyu wenyewe ulishakatwa. Hakuna haja ya mshindi. Jina la kwenye kibao likae kwenye lebo ya name, la mtaani likae kwenye loc_name au alt_name, na utafutaji utayapata yote. Nisichokubali ni mtu kufuta jina la mwenzake bila kumwandikia. Kila badiliko lina historia na sehemu ya maoni, na hakuna sheria inayolazimisha maelezo yawe Kiingereza. Andika "Nimeongeza jina la kituo cha daladala, nimelisoma kwenye kibao" inatosha sana.

Mipaka ya vijiji msiikisie. Penye mgogoro wa ardhi, mstari uliochorwa na kijana mwenye simu unaweza kushikwa kesho kama ushahidi. Majina ya wenye nyumba nayo hayahusu. Wala usinakili kutoka ramani za Google, leseni haziruhusu. Na barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3, kila kipande kibaki na highway=construction, yaani bado kinajengwa, mpaka mwenyeji athibitishe kwamba magari yameruhusiwa kupita. Mchoro wa mradi si kibali.

Kabla ya kusogeza kitu chochote, linganisha picha na nyayo za GPS, yaani njia zilizorekodiwa na simu za waliopita hapo, zilizopakiwa na watu wengi. Picha za makampuni tofauti mara nyingi hupishana kwa mita kadhaa, na mgeni mwenye juhudi anaweza kuuhamisha mtaa mzima kwa sababu tu amebadilisha picha ya satelaiti anayochorea juu yake.

Jambo moja la kupanga mapema: badiliko unalohifadhi leo huonekana kwenye tovuti baada ya muda mfupi, lakini programu zinazofanya kazi bila intaneti, kama OsmAnd na Organic Maps, hutumia faili linalotolewa upya takribani kila mwezi. Kwa hiyo vivuko vya makorongo vimalizwe mwishoni mwa Oktoba, kisha mwezi wa Novemba mpite vijiweni kuwakumbusha madereva wapakue faili jipya wakiwa mahali penye Wi-Fi, kwa sababu aliyebaki na la zamani ataendelea kuelekezwa mtoni.