Hesabu ya Pambano Haijui Mezani Kuna Nani

Wasimamizi wapya wa michezo ya mezani, ile ambayo mmoja anasimulia hadithi na wengine wanaigiza wahusika wake, huniuliza swali lile lile: niweke maadui wangapi ili pambano liwe sawa? Huwa nawaambia waanze na jedwali la kitabu cha kanuni. Wakishapata namba yao, ndipo kazi inaanza.

Nitatumia mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo la 5, kwa kanuni za mwaka 2014, maana ndizo nilizoendesha kwa muda mrefu zaidi. Kila kiumbe ana daraja la ugumu, na kila daraja lina alama zake. Unajumlisha alama za maadui, unazidisha kufuatana na idadi yao (wakiwa watatu hadi sita ni mara 2), kisha unalinganisha na ngazi za wahusika. Vivuli vitatu (wafu wa gizani), kila kimoja alama 100, vinakuwa 600. Kwa wahusika wanne wa ngazi ya 3, jedwali linasema hilo ni pambano la wastani.

Pambano hilo nimeliendesha kwa makundi mawili. Kundi la kwanza lilikuwa na kuhani. Zamu yake ilipofika aliinua ishara ya mungu wake kuvifukuza, nikarusha dadu mara tatu, moja kwa kila kivuli, vivuli viwili vikatimua mbio. Kilichobaki kilimalizwa kabla chai haijapoa. Kundi la pili halikuwa na kuhani, na silaha zao zilikuwa za kawaida, zile ambazo kivuli huumizwa nazo nusu tu. Kila kivuli kinapokugusa kinakula nguvu yako, kuanzia 1 hadi 4, na nguvu ikifika sifuri umekufa, hata kama uhai wako bado upo. Mchawi wao alikuwa na nguvu 8. Aliguswa mara tatu, na mchezaji wake akabaki anaitazama karatasi yake kana kwamba nimemwibia.

Namba ilikuwa 600 kote kuwili. Jedwali linajua ngazi na idadi, basi. Halijui kwamba kuhani hayupo, wala kwamba ukumbi ni mwembamba na hakuna pa kukimbilia.

Tena halijui wahusika wameamkaje. Hili husahaulika mno. Kitabu kile kilikadiria kwamba kundi linaweza kuhimili mapambano sita hadi nane, ya wastani au magumu, kwa siku moja ya safari. Sisi tunacheza saa tatu kwa kikao, na tukibahatika tunamaliza mawili. Mchawi akishajua hilo anamwaga uchawi wake wa siku nzima pale pale, na pambano "gumu" linageuka mazoezi ya viungo. Waandishi wenyewe hawakuifanya hesabu yao msahafu: katika mwongozo wa 2024 kile kizidishio cha idadi ya maadui kiliondolewa.

Kwa hiyo nikishapata namba, nahesabu zamu. Jitu moja la daraja la 2 lina alama 450, na kwa wahusika wanne wa ngazi ya 1, alama za adui zikivuka 400 jedwali linaita pambano la mauti. Lakini jitu lina zamu moja kwa nne zao. Dadu zikiwapendelea, linaanguka kabla halijafanya la maana. Zikiwakataa, pigo lake moja ni 13 kwa wastani, na wengi wa ngazi ya 1 hawana uhai huo. Hakuna jedwali litakalokuambia usiku huo utakuwa upi.

Wapo wanaopunguza uhai wa adui kimyakimya katikati ya pambano. Mimi sifanyi hivyo. Wachezaji wananusa, na wakishanusa mara moja hawaamini tena ushindi wowote. Ninachokigeuza ni kile anachokitaka adui. Jitu lenye njaa likimwangusha mmoja halimalizi wengine, linambeba begani na kuondoka, na sasa kundi lina mateka wa kumfuata badala ya maiti wanne. Wale wenzake wanne waliopangwa kuja kusaidia? Wanaweza kuchelewa. Wanaweza pia kuwahi, kama naona watu wameanza kupiga miayo.

Vivuli vyangu bado ni vitatu, bado ni alama 600. Ila siku hizi ukumbi wao una mlango wa pili, na ninautaja mapema, kabla mtu yeyote hajarusha dadu.