Mhusika kuwa na nguvu sio godimodi, naomba tuelewane leo

Juzi usiku nimeletewa tena malalamiko kwenye seva yetu ya roliplei, pale tunapoandika hadithi pamoja kwa zamu, kila mtu na mhusika wake, na mimi ndo modi, yaani msimamizi. Ni ya tatu mwezi huu, na yanasema kilekile: modi, fulani anagodimodi, mhusika wake ni jini wa miaka 1000, anapaa, moto haumuunguzi, mtoeni. Nikakaa nikasoma uzi mzima, posti arobaini na kitu, nikamaliza saa nane usiku. Jini hajamgodimodi mtu hata mara moja. Aliyegodimodi ni huyohuyo aliyelalamika, na mhusika wake ni mtoto wa miaka 9 anauza karanga bandarini.

Sasa nshachoka kuelezea hili kwa mtu mmojammoja inboksi kwahiyo naliandika hapa nitakuwa natuma linki.

Godimodi ni suala la nani ameshika kalamu. Kwenye roliplei ya maandishi wewe unaandika anachofanya mhusika wako, anachosema, anachohisi, unaishia hapo. Kinachompata mhusika wa mwenzako anakiandika mwenzako. Ukimwandikia wewe umemnyang'anya kalamu, na hapo haijalishi kama mhusika wako ni jini au ni kuku wa kienyeji.

Tuangalie ile posti ya mtoto wa karanga. Imeandikwa: "Anapenya katikati ya watu, anamvua Kepteni pete bila mwenyewe kuhisi, Kepteni anageuka kachanganyikiwa, mtoto kashapotea." Sentensi moja, fupi, hata inapendeza kusoma. Ila hesabu mambo yaliyoamuliwa humo ndani. Pete imetoka. Kepteni hakuhisi. Kepteni kachanganyikiwa. Na mtoto kashaondoka, maana yake hata ukitaka kumshika mkono huna pa kushika. Mwenye Kepteni anakuja kusoma jioni baada ya kazi anakuta mhusika wake aliyemjenga miezi mitano kaibiwa, kaduwazwa na kaachwa barabarani, na yeye mwenyewe hajaandika neno. Sasa linganisha na jini: "Anapuliza moto kuelekea mlango aliposimama Kepteni." Imeisha hapo. Moto uko njiani, na Kepteni anaweza kuruka, anaweza kuungua bega, anaweza kuvuta pipa la maji, anaweza hata kubaki amesimama kwa sababu ambayo mimi na wewe hatuijui, yote ni ya mwenzake kuamua. Jini wa miaka 1000 kaacha mwanya, muuza karanga hajaacha.

Na hapa nataka niseme kitu ambacho sijaona miongozo ya roliplei ikikigusa, kwa sababu mingi imetoholewa kutoka Kiingereza na wao wanakwambia tu weka neno la "kujaribu" yameisha. Sisi tatizo letu liko kwenye kitenzi chenyewe. Ukiandika "anamrushia ngumi" uko salama, ngumi imerushwa, imefika au haijafika hatujui. Ukiandika "anampiga ngumi" ushaifikisha. "Anamlenga kisu", salama. "Anamchoma kisu", umeamua. Tofauti ni kitenzi kimoja, na mtu akiwa anaandika haraka kwenye simu anaandika kile cha pili bila nia mbaya kabisa.

Vibaya zaidi ni vile vya kusababisha. Anamwangusha, anamliza, anamnyamazisha, anamshtua, anamtisha. Watu wengi wakiandika kuangusha wanajua hapo kuna shida kidogo, ila "anamtisha" wanaipitisha kila siku, na hiyo ndo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu mwili wa mhusika angalau unaonekana, hofu iko ndani. Nani kakwambia mhusika wangu katishika? Labda amekumbuka kitu akacheka. Labda ametishika kweli ila anajikaza, na hiyo ni posti yangu nzima ya aya nne ambayo umeiua kwa neno moja. Andika sauti imekuwa nzito, andika umemsogelea mpaka pumzi yako inamfikia, halafu niachie mimi niseme kama moyo umeenda mbio. Mimi nikikagua posti za wageni siku hizi natafuta hivyo vitenzi kwanza kabla sijaangalia kitu kingine chochote.

Kiukweli jina lenyewe linachangia kupotosha, hilo nalikubali. Godimodi, yaani "god mode", hali ya kuwa kama mungu, imetoka kwenye magemu ya kompyuta, kwa mfano Doom ya 1993, ukibonyeza herufi iddqd risasi hazikudhuru tena. Kwahiyo mtu akisikia neno anafikiria kutokufa, nguvu, na si mjinga kufikiria hivyo. Wapo pia wanaotenganisha, wanasema godimodi ni kutodhurika na pawaplei ndo kumwendesha mhusika wa mwenzako. Seva nyingine sheria zao zimeandikwa hivyo, nyingine kinyume, nyingine zote ni neno moja, na sidhani kama kuna mtu ana mamlaka ya kusema nani yuko sahihi. Mimi nimezoea kuita zote godimodi kwa sababu ukichunguza hata yule asiyedhurika kosa lake ni lilelile. Kila unachomrushia anaandika kimepita pembeni, kila mara, posti kumi mfululizo, yaani chochote utakachoandika wewe hakihesabiki. Angekuwa na nguvu hizohizo halafu siku moja akakubali kuchubuka nisingemgusa.

Kama kinachokukera ni kwamba mhusika wa mtu anapendwa na kila mtu, anajua kila kitu na hashindwi, neno lake lipo, Mary Sue, Paula Smith ndo alilianzisha mwaka 1973 kwenye kihadithi cha kuwatania mashabiki wa Star Trek waliokuwa wanajiandikia wahusika wa namna hiyo. Hilo ni suala la ladha. Unaweza kumwambia kwa upole, unaweza kuacha kuandika naye, sio la kuniita mimi usiku.

Kwa nini tunashikilia hivi? Kwenye Dungeons & Dragons, roliplei ya kuchezea mezani iliyotoka 1974, kuna dadu na kuna msimamizi wa mchezo, pigo limefika au halijafika haligombaniwi. Roy Trubshaw alipoanza kutengeneza MUD, gemu la maandishi la kuchezwa na watu wengi kwenye kompyuta, pale Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, na Richard Bartle akaiendeleza, kompyuta ndo ilikuwa inaamua nani kapigwa. Ila ikaja TinyMUD ya James Aspnes, 1989, ambayo haikujengwa kwa ajili ya mapigano, watu walikuwa wanakaa kuongea na kujenga vyumba, na ilikuwa na kile kialama cha nukta mbili, ukikiweka mwanzoni halafu ukaandika kitendo, kompyuta inaweka jina la mhusika wako mbele ya sentensi. Jina lako wewe. Sentensi inaanza na wewe, ila hakuna kinachokuzuia kumalizia na mwili wa mwenzako. Roliplei yetu ya posti ndefu iko upande huo. Hatuna dadu, hatuna kompyuta inayohesabu damu, tuna makubaliano tu, na ndo maana anayeyavunja anakuwa amevunja kitu pekee kinachoshikilia mchezo.

Metageimu niipitie haraka maana inachanganywa humohumo. Mhusika wako kujua kitu ambacho umekisoma wewe kwenye uzi mwingine, yeye hakuwepo, hiyo ndo metageimu. Na IC (in character) ni sauti ya mhusika, OOC (out of character) ni yako wewe unayeandika, ukitaka kuuliza kitu weka mabano mawili uulize. Kuuliza OOC sio udhaifu jamani. "((naomba nikuibie pete, sawa?))" ni sekunde tano, na mwenzako akikubali basi andika kaibiwa hakuhisi na kachanganyikiwa, ruhusa unayo, hakuna godimodi hapo hata ungemvua na viatu.

Ila kuna sehemu na mimi nakwama na sitaki kujifanya. "Anampa kikombe cha chai." Kumpa ni mpaka apokee, kwahiyo kwa sheria yangu nimeshaamua mkono wa mtu. Ungeandika "anamnyooshea kikombe". Sawa, ila ukiandika hivyo kila kitu, anamnyooshea, anamsogezea, anaelekea kumkalisha, uzi unakuwa mzito kama watu wanakwepana, na wawili walioandika pamoja miaka miwili hawahitaji hayo. Kwangu mambo madogo yasiyoacha alama nayaachia, chai naiachia, salamu ya kushikana mikono naiachia. Kushikana mkono kati ya mahasimu wawili siiachii. Mstari uko wapi hasa? Ninaukata kwa hisia, na nimewahi kukosea, nikamwonya dada mmoja kwa sababu ya kumbatio ambalo mwenzake alikuwa analisubiri wiki nzima.

Jini amebaki. Mwenye mtoto wa karanga nimemwandikia inboksi, amekasirika kidogo halafu akakubali kuirudia posti yake. Ameandika: "Anapenya katikati ya watu, vidole vyake vidogo vinaifikia pete ya Kepteni na kuanza kuivuta." Jana mwenye Kepteni kajibu. Pete haikutoka, kidole kimevimba tangu siku alipofungwa kamba gerezani, na Kepteni badala ya kumshika mtoto kakaa kimya anaiangalia ile mikono inahangaika, anamwachia aendelee kuvuta. Habari ya gereza hatukuwa nayo hata mmoja wetu, wala mwenye Kepteni mwenyewe, anasema imemjia hapohapo alipokuwa anatafuta kwa nini pete ikwame.