Maana ya utambuzi wa mgonjwa kabla ya upasuaji

Katika kazi za hospitali, utambuzi wa mgonjwa ni kuhakikisha kwamba mtu aliyelala mbele ya mhudumu ndiye yule yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye faili, kwenye fomu ya ridhaa, kwenye picha za eksirei na kwenye orodha ya upasuaji ya siku hiyo. Maelezo haya yanaonekana mepesi, na ndiyo sababu watu wengi hudhani kuwa ni jambo la mapokezi, linalomalizika karani anapoandika jina na kumwelekeza mgonjwa wodini. Kwa kweli utambuzi haumaliziki mapokezini. Huanza upya kila mgonjwa anapotoka katika mikono ya mhudumu mmoja kuingia katika mikono ya mwingine, kwa kuwa kila makabidhiano yanaweza kumtenganisha mtu na karatasi zake bila yeyote kukusudia.

Watanzania waliujua uzito wa jambo hili kwa uchungu mwezi Novemba 2007. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam walikuwapo vijana wawili waliokuwa na jina la kwanza moja, wote wakisubiri upasuaji, mmoja akiwa na tatizo la goti na mwingine akiwa na maradhi ya kichwa. Aliyekuwa na tatizo la goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na maradhi ya kichwa alipasuliwa goti. Huyo wa pili alifariki dunia baadaye. Miaka kumi ikapita, kisha mapema mwaka 2018 Wakenya wakapokea habari inayofanana na hiyo kutoka Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ambako mwanamume aliyehitaji kutibiwa uvimbe wa kichwa bila kupasuliwa alifunguliwa fuvu badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo. Ilielezwa kwamba vitambulisho vyao vilibadilishana. Madaktari walikuwa wamefanya kazi kwa saa kadhaa walipobaini kwamba damu waliyokuwa wakiitafuta haikuwapo.

Katika matukio yote mawili wananchi waliuliza swali moja kwa hasira, na walikuwa na haki ya kuuliza: inawezekanaje daktari bingwa akosee mtu? Jibu lake linahitaji kufahamu jinsi mgonjwa anavyoonekana dakika ile kisu kinapokaribia. Amekwisha kulazwa kwa dawa ya usingizi, ile inayoitwa mitaani nusu kaputi, kwa hiyo hawezi kusema lolote. Nguo zake zimevuliwa, nywele zimenyolewa kama upasuaji ni wa kichwa, uso umefunikwa, na mwili wote umetandazwa shuka za kijani au za buluu isipokuwa kipande kidogo cha ngozi kilichopakwa dawa. Daktari haoni mtu mwenye sura. Anaona eneo la kazi, na faili lililo pembeni linamwambia kuna nini chini yake. Kama faili ni la mwingine, macho yake hayatamwokoa, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini. Ndiyo maana ninaamini kwamba makosa ya aina hii, ingawa huonekana mezani pa daktari, aghalabu huzaliwa mapema zaidi, wodini au mlangoni, pale mtu mmoja alipodhani kwamba mwenzake aliyemtangulia amekwisha kuhakiki.

Chanzo cha kwanza cha mkanganyiko ni jina lenyewe, na katika nchi zetu chanzo hiki kina nguvu ya pekee. Katika wodi moja ya pwani unaweza kuwakuta akina Fatuma Saidi wawili na akina Juma Ali watatu, na huyo Ali akaandikwa Ally kwenye faili moja na Ali kwenye jingine. Katika wodi ya Kanda ya Ziwa, Kulwa na Doto ni majina ya kila pacha, kwa hiyo kumwita mtu kwa jina hilo pekee ni kama kutomwita kabisa. Tarehe ya kuzaliwa, ambayo katika nchi nyingine ni kitambulisho cha kutegemewa, kwa wazee wetu wengi ni makisio tu, na wasioijua huandikiwa tarehe mosi Januari ili mradi nafasi kwenye fomu isibaki tupu. Kwa sababu hiyo jina la kwanza halitoshi, wala majina mawili hayatoshi. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya usalama wa wagonjwa iliyotolewa Mei 2007, lilipendekeza vitambulisho visivyopungua viwili, na likasisitiza kwamba namba ya chumba au ya kitanda isihesabiwe kuwa kimojawapo. Kitanda ni cha hospitali, na mgonjwa anaweza kuhamishwa usiku ili kumpisha aliyezidiwa, ilhali karatasi iliyobandikwa ukutani ikabaki pale pale. Hapa kwetu ningependa kuona majina matatu kamili pamoja na namba ya hospitali, na pale majina yanapofanana hata hayo matatu, liongezwe jambo la tatu, kama vile kijiji au mtaa anakotoka mgonjwa.

Chanzo cha pili ni namna swali linavyoulizwa. Mhudumu akisimama mlangoni akaita, "Fatuma!", kina mama wawili wanaweza kuitika "Abee!" kwa pamoja, na huenda atakayenyanyuka kwanza ni yule mwenye miguu mizima. Mtu huitika kwa malezi aliyolelewa, na kuitika huko hakuthibitishi kwamba yeye ndiye anayetafutwa. Vivyo hivyo kwa swali la "Wewe ndiye Fatuma Saidi, siyo?" Mgonjwa mzee asiyesikia vizuri, ambaye hajala tangu jana jioni na pengine amekwisha kupewa dawa ya kumtuliza, atasema "Ndiyo, daktari," kwa kuwa hajazoea kumpinga mtu aliyevaa koti jeupe. Swali salama ni lile ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo: "Mama, majina yako matatu ni yapi? Umekuja kutibiwa nini leo? Upande gani?" Mgonjwa akiyatamka mwenyewe, mhudumu anayalinganisha na mkanda wa utambulisho uliofungwa mkononi mwa mgonjwa na kilichoandikwa katika faili, na vyote vitatu vikikubaliana ndipo safari inaendelea.

Niliyaona haya kwa karibu siku mama yangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Asubuhi ile benchi lilikuwa na wazee wanane au tisa, wote wamevalishwa gauni moja la hospitali, kina mama wakiwa wamejitanda kanga juu yake, na kwa mbali usingeweza kumtofautisha mmoja na mwingine. Aliulizwa jina lake wodini, akaulizwa tena mlangoni. Alipoulizwa mara ya tatu alinigeukia akaninong'oneza, "Mwanangu, mbona hawa wasahaulifu hivi?" Muuguzi alimsikia, akamshika mkono. "Shikamoo mama," alisema, "hatujasahau. Tunataka useme wewe mwenyewe." Kisha akasoma mkanda wa mkononi polepole, jina moja baada ya jingine, huku kidole chake kikifuata maandishi ya faili, akauliza, "Jicho lipi, mama?" Mama hakusema kitu, aligusa tu jicho lake la kushoto. Daktari aliyekuwa anakwenda kumfanyia upasuaji akaja yeye mwenyewe, akachora mshale mdogo juu ya jicho hilo kwa kalamu nene ya wino usiofutika kwa maji. Sikuwahi kufikiri kabla ya hapo kwamba mshale wa wino unaweza kunipa utulivu kiasi kile.

Alama ile ni sehemu ya dhana hii hii, kwani kumjua mtu bila kujua sehemu ya mwili wake inayohitaji tiba ni kumjua nusu. Mwili una macho mawili, figo mbili, magoti mawili, vidole vinavyofanana na pingili za uti wa mgongo zisizohesabika kwa macho. Kulia na kushoto hubadilika katika akili ya mtazamaji mgonjwa anapolazwa kifudifudi, na picha ya eksirei ikitundikwa kinyume huonyesha mfupa mzima mahali pa uliovunjika. Kwa hiyo alama inapaswa kuchorwa na yule atakayefanya upasuaji, mgonjwa akiwa macho na akishiriki kuthibitisha, na ichorwe mahali ambapo itaonekana hata baada ya ngozi kusafishwa na shuka kutandazwa. Msalaba wa X haufai, maana mmoja anaweza kuusoma "pasua hapa" na mwingine akausoma "usiguse hapa". Upande usiohusika unaachwa bila alama yoyote.

Hatua ya mwisho ya utambuzi hufanyika ndani ya chumba cha upasuaji, na hapa Tanzania ina sehemu yake katika historia ambayo haisimuliwi vya kutosha. Mwezi Juni 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Utafiti wa kuijaribu uliongozwa na daktari wa upasuaji wa Boston, Atul Gawande, ukafanyika katika miji minane duniani kuanzia Oktoba 2007 hadi Septemba 2008, na pamoja na London, Seattle, Toronto na New Delhi, mji mmojawapo ulikuwa Ifakara mkoani Morogoro. Maana yake ni kwamba utafiti huo ulikuwa tayari umeanza wakati vijana wale wawili walipobadilishwa Dar es Salaam. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Katika vituo hivyo vitatu, cha pili ndicho kinachohusu mada yetu zaidi. Kisu kikiwa bado kwenye sinia, kila mtu anasimamisha anachokifanya. Kila mmoja anajitambulisha kwa jina na kazi yake, kisha daktari, mtaalamu wa usingizi na muuguzi wanatamka kwa sauti jina la mgonjwa, upasuaji unaokusudiwa na mahali utakapofanyika, na kuhakikisha kwamba picha zinazohitajika zimetundikwa. Kituo hiki hakichukui hata dakika mbili. Faida ya kujitambulisha, ambayo wengine huiona kama mapambo, ni kwamba mtu aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya wenzake ameshafungua kinywa, na itakuwa rahisi kwake kukifungua tena akiona jambo lisilo sawa.

Hata hivyo orodha haifanyi kazi yenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichunguza hospitali 101 zilizoanza kuitumia, na hawakuona upungufu wa maana wa vifo wala matatizo. Wataalamu wamebishana kuhusu sababu zake, na mimi nakubaliana na wale wanaosema kwamba kuweka vema kwenye visanduku si sawa na kusimama na kusemezana. Fomu inaweza kujazwa yote kabla mgonjwa hajaingia chumbani, kila kisanduku na vema yake, na mgonjwa anayeingia akawa mwingine.

Linalobaki gumu zaidi ni heshima ya ngazi. Muuguzi kijana anayeona kwamba jina la kwenye mkanda halilingani na la kwenye faili anapaswa kusema, "Tusimame kwanza," mbele ya daktari bingwa mwenye umri wa baba yake, ambaye tayari amevaa glovu na ana wagonjwa wengine watano wanaomsubiri. Katika malezi yetu hilo si dogo. Hospitali inayoutaka utambuzi wa kweli lazima imlinde muuguzi huyo waziwazi, hata siku atakayosimamisha kazi kisha ikaonekana kwamba kila kitu kilikuwa sawa, kwani akikemewa siku hiyo atanyamaza siku nyingine. Na kosa likitokea, kumwadhibu wa mwisho kwenye mnyororo pekee hakutaonyesha pale mnyororo ulipokatika.

Kwa majeruhi wanaofikishwa bila fahamu, wengi wao kutokana na ajali za bodaboda, hakuna wa kuulizwa jina. Hao hupewa namba ya muda itakayofungwa mkononi mara moja na kuandikwa kwenye kila karatasi, na jina linapopatikana kutoka kwa ndugu, linaunganishwa na namba ile mbele ya wahudumu wawili badala ya mmoja.

Ndugu wa mgonjwa naye ana nafasi yake. Asikilize jinsi mgonjwa wake anavyoulizwa, na mgonjwa asiyeweza kujieleza aelezewe na ndugu anayemjua vizuri, kwa maneno ya kawaida: "Huyu ni baba yangu, amekuja kufanyiwa ngiri, upande wa kulia." Ausome mkanda wa mkononi na kusema iwapo jina limekosewa hata herufi moja. Na pale mkanda unapokatwa ili kuweka dripu, jambo linalotokea mara nyingi, aombe mwingine ufungwe kwenye mkono wa pili au mguuni hapo hapo, kabla kitanda hakijaanza kusukumwa.