Vijiduara Havikaririki: Dhana Potofu Kuhusu Uoni wa Kina kwa Marubani wa Jeshi

Wiki iliyopita kijana mwingine alianza kunitajia majibu kabla hajavaa hata miwani ya kipimo. "Daktari, vijiduara nimeshavishika vyote." Ni vile vya kwenye kitabu cha kupimia uoni wa kina, yaani uwezo wa kuona kipi kiko karibu na kipi kiko mbali: unavaa miwani maalumu, unataja kijiduara kinachotokeza. Wazazi wake walihamia Marekani kutoka Mombasa, naye anataka kuwa rubani wa jeshi la wanamaji la huku. Mtu kamwambia kipimo cha uoni wa kina kinakaririka. Hili nimelisikia mara nyingi mno.

Nikakigeuza kitabu juu chini. Ukifanya hivyo, tofauti ya picha kati ya macho mawili inageuka upande, na kijiduara kilichokuwa kikitokeza kinazama nyuma ya ukurasa. Yeye akaendelea kuniambia kinatokeza.

Kipimo kile kinaangalia kama ubongo unaunganisha picha mbili kuwa moja yenye kina. Kwa vijiduara vya Randot, ndicho kitabu kile, wanamaji wanataka uone tofauti ndogo ya sekunde 40 za pembe, na digrii moja ina sekunde 3,600. Kipo pia kifaa cha Verhoeff chenye vijiti vitatu, ambacho mpimaji anabadilisha mpangilio wake nawe unataja kijiti kilicho karibu au mbali kuliko vingine: unatakiwa kupata 8 kati ya 8, na ukikosa hata kimoja, 16 kati ya 16 katika raundi mbili zinazofuata. Hapo utakariri nini?

Kinachonikera zaidi ni kwamba anayekariri anaficha sababu ya kufeli, na mara nyingi sababu ni nyepesi. Ukungu mdogo kwenye jicho moja tu huharibu uoni wa kina zaidi kuliko ukungu ulio sawa machoni kote. Miwani ya kijana huyu ilikuwa ya miaka mitatu. Nikaongeza nguvu kidogo kwenye lenzi ya kushoto, nikamrudishia kitabu. Akavuta kichwa nyuma. "Kumbe kinaruka!" Vyote akavipata, bila kukariri.

Wengine wana makengeza madogo sana, yasiyozidi prizimu 8 (kipimo cha jinsi jicho lilivyopinda), ambayo huwezi kuyaona kwenye kioo. Ubongo umezoea kuzima picha ya katikati ya jicho moja. Hali hii ina njia yake: inachunguzwa, daktari wa urubani anaandika faili, na mamlaka husika inaamua kama msamaha wa kitabibu, yaani ruhusa ya kuruka licha ya kasoro, unafaa. Wanataka kujua hali ni ya muda gani, imetulia au inabadilika, na kama mtu anaona vitu viwili viwili. Ukidanganya, suala la macho linageuka kuwa suala la uaminifu wa afisa mtarajiwa, na hilo mimi siwezi kukuandikia barua.

Zipo na dhana nyingine ninazoletewa. "Nina 20/20 (uoni wa kawaida wa herufi za mbali) kila jicho, siwezi kufeli." Unaweza. Herufi ukutani zinapima jicho moja moja. Kina kinahitaji macho mawili yafanye kazi pamoja.

"Nitafanya leza." Leza inarekebisha ukungu. Makengeza hainyooshi.

"Bila uoni huo hakuna anayeweza kurusha ndege." Rubani Mmarekani Wiley Post alipoteza jicho la kushoto mwaka 1926, na mwaka 1933 akaizunguka dunia peke yake kwa ndege. Kwa vitu vya mbali, rubani hutegemea zaidi ukubwa wa vitu, kivuli, na jinsi vinavyopishana akisogea. Raia mwenye jicho moja anaweza kupata leseni Marekani. Jeshi lina kazi zake za karibu, kama kujaza mafuta angani na kuruka bawa kwa bawa, kwa hiyo linadai zaidi.

"Msamaha ni wa wenye kujuana." Hapana, ni wa wenye faili kamili. Rubani mzoefu ana saa zake za kuruka za kuonyesha. Mwombaji mpya hana, ndiyo maana anabanwa zaidi.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya siku ya kipimo pima upya miwani yako, kila jicho peke yake. Na muulize mama kama uliwahi kuzibwa jicho ulipokuwa mdogo, ile tiba ya jicho dhaifu. Kama kuna karatasi za kliniki ya wakati ule, njoo nazo.